Hori ya Udongo

(Mazungumzo ya redio kwa majuma ya kungojea Krismasi)



Leo tunataka kuzungumza juu ya vitu vidogo. Ni vile vitu vya mkono ambavyo jirani zetu Wakatoliki huwapa watoto wao, au huwafundisha kuvitengeneza nyumbani: hori ya Krismasi yenye mtoto Yesu wa udongo, msalaba uliosukwa kwa jani la mtende, rozari iliyotungwa kwa mbegu. Wengi wetu tuliolelewa katika makanisa ya Kiprotestanti tulifundishwa kuvitazama kwa mbali. Wengine tulikatazwa hata kuvigusa. Wala hatukuuliza vilitoka wapi, nani alivianza, na kwa sababu gani.

Hatungeuliza hata leo, kama si jambo moja lililotupata sisi waalimu wa Shule ya Jumapili miaka mingi iliyopita. Siku ya Jumapili kabla ya Krismasi, msichana mmoja wa umri wa miaka minane hivi alikuja kanisani amebeba kitu ndani ya leso. Alikifungua mbele yetu, akakipanga juu ya meza ya mbele. Kilikuwa kifuniko cha kasha, na juu yake majani makavu, na juu ya majani watu na wanyama aliowafinyanga kwa mikono yake, yeye na nyanya yake. Nyanya huyo alikuwa Mkatoliki. Yusufu alikuwa amepinda kidogo kwa nyuma, na punda alikuwa na masikio makubwa kama ya sungura. Watoto wenzake walimzunguka wakifurahi sana.

Ndipo akaingia mzee mmoja wa kanisa. Akasimama, akatazama, akauliza kwa upole, "Mwalimu, tangu lini tumeanza kuweka sanamu katika nyumba ya Bwana?" Hakupiga kelele, na twamshukuru kwa hilo. Lakini sisi waalimu hatukuwa na jibu. Tulinyamaza, halafu tukamwambia yule mtoto avifunge vitu vyake avirudishe nyumbani. Akavifunga. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye.

Basi tulianza kusoma. Yafaa tuwaeleze tuliyoyakuta.

Habari ya hori ya Krismasi kama tunavyoijua inaanzia kijiji kimoja cha Italia kiitwacho Greccio, usiku wa Krismasi mwaka 1223. Kijiji hicho kiko mlimani, kaskazini ya Rumi, karibu na mji wa Rieti. Aliyeianzisha ni Fransisko wa Assisi, yule mtoto wa mfanyabiashara wa nguo aliyeacha mali ya baba yake akaishi kama maskini. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, mgonjwa, tena macho yake yalikuwa yameharibika. Alikuwa amebakiwa na miaka isiyotimia mitatu ya kuishi, maana alifariki mwezi wa Oktoba mwaka 1226.

Ndugu mmoja wa shirika lake, Tomaso wa Celano, aliandika habari za usiku huo miaka michache tu baada ya Fransisko kufa. Anasema kwamba yapata siku kumi na tano kabla ya Krismasi, Fransisko alimwita mtu wa mahali pale aliyeitwa Yohana, akamwomba atayarishe mambo. Alitaka kukumbuka kuzaliwa kwa Mtoto wa Bethlehemu, na kuona kwa macho haya ya mwili jinsi alivyokosa vitu ambavyo kila mtoto mchanga anavihitaji, jinsi alivyolazwa juu ya majani makavu, ng'ombe na punda wakiwa kando.

Angalieni neno hilo, ndugu zangu. Hakuomba pambo. Aliomba kuuona umaskini. Karne nyingi zilikuwa zimepita, na watu walikuwa wamezoea kumwona Mtoto Yesu akichorwa kwa rangi ya dhahabu, amevaa kama mwana wa mfalme. Fransisko akasema, kwa njia yake, hapana, leteni majani ya ng'ombe.

Usiku ule ndugu za shirika walikuja, na wanakijiji waume kwa wake wakapanda mlima wakishika mishumaa na mienge. Hori iliwekwa, majani yakaletwa, ng'ombe na punda wakaongozwa mahali pale. Misa ikasomwa penye hori. Fransisko hakuwa padre, alikuwa shemasi. Basi aliimba Injili kwa sauti yake, kisha akawahubiria watu juu ya Mfalme aliyezaliwa maskini.

Wala hapakuwa na sanamu hata moja. Hilo lilitushangaza tulipolisoma. Hatusomi kwamba palikuwa na mtu aliyejifanya Mariamu wala Yusufu, wala hapakuwa na mtoto wa mti au wa udongo. Hori ilikuwa tupu. Tomaso anaeleza kwamba mtu mmoja aliyekuwapo aliona kama njozi, mtoto amelala pale horini kama asiye na uhai, na Fransisko akimkaribia na kumwamsha. Mwandishi mwenyewe akaongeza maelezo kwamba ndivyo ilivyokuwa kweli, maana Yesu alikuwa amesahauliwa katika mioyo ya wengi. Sisi Waprotestanti hatuna desturi ya kutegemea njozi za namna hiyo, lakini maelezo yale hata mwinjilisti wetu angeweza kuyahubiri.

Bonaventura, aliyeandika baadaye katika karne hiyohiyo, anaongeza kwamba Fransisko aliomba kwanza ruhusa ya Papa, asije akadhaniwa kuwa analeta mambo mapya kwa kupenda mapya. Basi hata huko kwao, wapendwa, wazee waliogopa jambo jipya.

Hapa mtu atauliza, ng'ombe na punda walitoka wapi? Tukifungua Luka sura ya pili tunaona hori, tunaona nguo za kitoto, tunaona wachungaji, lakini ng'ombe na punda hawatajwi. Hao walitoka katika Isaya 1:3, mahali nabii anaposema kwamba hata wanyama wale wanamjua mwenyewe wao, lakini Israeli hajui. Wakristo wa kale waliyasoma maneno hayo pamoja na Luka, wakawaweka wale wawili kando ya Mtoto. Kwa hiyo yule punda mwenye masikio ya sungura, aliyetushinda kumtetea, alikuwa ametoka katika Agano la Kale.

Baada ya Greccio mambo yalibadilika polepole. Wanyama hai wakawa mawe, na mawe yakawa miti na udongo. Karibu na mwaka 1290 Arnolfo di Cambio, mchongaji mashuhuri, alichonga sanamu za mawe za kuzaliwa kwa Bwana, na baadhi yake zimo mpaka leo katika kanisa la Santa Maria Maggiore huko Rumi. Katika karne ya kumi na nane mji wa Naples ulipita kiasi. Mfalme Charles alipenda kazi hiyo, na matajiri wakashindana nyumba kwa nyumba. Walitengeneza watu wenye vichwa vya udongo uliochomwa, miili ya waya na nyuzi, na nguo za hariri. Wakaongeza masoko, mabucha, hoteli, wapiga muziki. Walioziona husema ni kazi ya ajabu, na hatubishi. Lakini katika baadhi ya hori hizo mtu humtafuta Mtoto Yesu kati ya minofu ya nyama na vikapu vya samaki mpaka achoke. Fransisko angeuliza majani ya ng'ombe yako wapi.

Lakini historia ina njia zake. Katika miaka ya 1780 Kaisari Joseph wa Pili wa Austria, mtu aliyependa kupunguza mapambo ya dini, alikataza hori makanisani. Yeye pia alikuwa Mkatoliki! Ikawaje? Watu wakazipeleka nyumbani. Wale ambao hawakuweza kulipa mchongaji wakachora watu wao juu ya karatasi ngumu, wakazikata kwa mkasi, wakazisimamisha mezani. Hori ikatoka mkononi mwa fundi wa kanisa, ikaingia mkononi mwa mama na watoto.

Ufaransa mambo yalikuwa makali zaidi. Mapinduzi yalianza mwaka 1789, na miaka michache baadaye makanisa mengi yalifungwa. Huko kusini, katika nchi ya Provence, watu hawakuwa tena na hori ya kwenda kuitazama kanisani. Basi katika mji wa Marseille palikuwa na fundi mmoja aliyeitwa Jean-Louis Lagnel, aliyezaliwa mwaka 1764. Huyu alitengeneza kalibu za plasta, akasindilia udongo ndani yake, akatoa watu wadogo wa kusimama mezani, akawapaka rangi. Udongo wenyewe ulikuwa wa nchi yao, na kwa sababu kalibu moja ilitoa watu wengi, bei ilikuwa ndogo hata maskini aliweza kununua mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao. Watu hao waliitwa kwa lugha ya kwao "santoun", maana yake mtakatifu mdogo. Soko lao lilianza Marseille mwaka 1803, na mpaka leo hufanyika kila mwaka wakati wa Krismasi.

Na watakatifu hao wadogo walikuwa nani? Hapa ndipo tulipocheka kwa furaha. Walikuwa watu wa mtaani! Mwoka mikate na kikapu chake. Mama muuza samaki. Mnoa visu. Mwenye kinu. Kizee mwenye mzigo wa kuni mgongoni, kama tunavyowaona wakipanda vilima vyetu jioni. Kila mmoja anakwenda horini na kile alicho nacho. Tena yuko mmoja asiye na kitu kabisa, mtu wa akili nyepesi aliyeinua mikono yote miwili juu kwa mshangao. Hana zawadi yoyote, ameleta furaha tu. Watoto wa Provence humpenda huyo kuliko wengine, na sisi pia.

Sasa turudi upande wetu, maana tusidhani kwamba sisi tulikaa bila historia. Mwaka 1522, Martin Luther akiwa amefichwa ngomeni, wenzake kule Wittenberg walianza kuvunja sanamu makanisani. Alirudi mwezi wa Machi akahubiri juma zima. Alisema kwamba sanamu si za lazima, tena ingekuwa heri zisingekuwapo, lakini si kazi ya fujo kuziondoa. Neno lihubiriwe, nalo litaondoa lililo baya moyoni. Zurich walikwenda njia nyingine. Mwaka 1524, chini ya Zwingli, sanamu ziliondolewa katika makanisa yote ya mji. Waskoti walikaza zaidi: mwaka 1640 Bunge lao lilifuta sikukuu ya Krismasi yenyewe, na siku hiyo haikuwa siku ya mapumziko ya taifa huko Scotland mpaka mwaka 1958. Ndugu zetu wa Presbyterian hapa Kenya waliletewa Injili na watu wa nchi hiyo. Tukijua hayo, hatumshangai mzee aliyesimama mbele ya meza yetu. Alikuwa akilinda kitu alichokabidhiwa.

Lakini wako Waprotestanti wengine. Wamoravian, ambao kanisa lao limekuwako kusini-magharibi ya Tanzania tangu mwaka 1891, hawakuitupa hori. Walipofungua mji wao kule Pennsylvania, Marekani, mkesha wa Krismasi wa mwaka 1741 waliuita Bethlehemu, na nyumbani mwao walipanga mandhari ya kuzaliwa kwa Bwana kwa vipande vya miti, kuvumwani na mawe. Tarehe 20 Desemba mwaka 1747, huko Marienborn, Ujerumani, askofu wao Johannes de Watteville alimpa kila mtoto mshumaa mdogo wenye utepe mwekundu, ili akumbuke mwali ambao Yesu anauwasha moyoni. Na katika karne ya kumi na tisa, katika shule yao ya bweni huko Niesky, nyota ya karatasi yenye ncha nyingi ilianza kutengenezwa katika somo la hesabu za maumbo. Shule za Wamoravian za namna hiyo zilitunza pia watoto wa wamisionari, ambao wazazi wao walikuwa ng'ambo, mbali sana. Fikirini watoto hao wakikunja karatasi majira ya baridi, mama yuko bara lingine.

Tena iko ile taji ya majani yenye mishumaa minne, inayowashwa Jumapili nne kabla ya Krismasi. Wengi wetu tukiiona twasema, "Hiyo ni ya Wakatoliki." Sivyo. Iliwekwa na mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, katika nyumba ya watoto maskini aliyoianzisha Hamburg mwaka 1833. Watoto walimsumbua kila siku, "Krismasi bado siku ngapi?" Ndipo mwaka 1839 akatwaa gurudumu la mkokoteni, akapanga mishumaa midogo kwa siku za kazi na minne mikubwa kwa Jumapili, wakawa wanahesabu kwa kuwasha. Wakatoliki wa Ujerumani walianza kuichukua kwetu katika miaka ya 1920. Kwa hiyo walipokea, kama wengine wetu tulivyopokea hori kwao.

Tulimpelekea mzee wetu habari hizi zote. Alitukaribisha chai, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua Biblia yake, si Kutoka 20 kama tulivyotazamia, bali 2 Wafalme 18:4. "Waalimu," akasema, "nyoka wa shaba aliamriwa na Mungu mwenyewe. Musa hakukosa kumtengeneza. Lakini watu walimfukizia uvumba, na Hezekia akamvunja. Je, ninyi mtajuaje siku ambayo mtoto atageuka kutoka kucheza akaanza kusujudu?"

Lilikuwa swali zuri, nasi hatukulipuuza. Historia inampa haki kwa sehemu. Hata kule Greccio, Tomaso anasimulia kwamba yale majani ya horini yaliwekwa akiba, na watu wakayatumia kutibu wanyama wagonjwa na kina mama wenye uchungu wa kuzaa. Umaskini wa Bwana ulihubiriwa usiku, na asubuhi watu wakabeba majani. Lakini tulimwonyesha mzee kwamba Hezekia alivunja kwa sababu ya uvumba, si kwa sababu ya shaba. Na kwamba Mungu huyohuyo wa Kutoka 20 aliagiza makerubi katika Kutoka 25. Tulimwambia pia kwamba yule mtoto wetu hakuleta kitu cha kuabudu. Alileta habari ya Luka 2 kwa njia ambayo mtoto wa miaka minane anaweza kuileta.

Hatukumaliza ubishi. Alikubali jambo moja: mezani kwa Shule ya Jumapili, ndiyo, mbele penye mimbari, hapana. Nasi tulikubali, na ndivyo tufanyavyo mpaka leo.

Kazi yenyewe haina gharama, na hili twawaambia hasa wazazi ambao mwezi wa Desemba huwaletea aibu kwa kukosa fedha za zawadi. Udongo wa mtoni unatosha, ukiondolewa mawe na kukandwa vizuri. Usianikwe juani kwa haraka, utapasuka. Pasipo udongo mzuri, maganda makavu ya mgomba hufungwa kwa uzi yakawa wachungaji, na maganda ya mahindi yakawa malaika. Wachongaji wa mawe laini wa Tabaka huko Kisii huchonga familia nzima ya Bethlehemu kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo, na huko Masasi, kusini mwa Tanzania, wanakijiji wamesuka misalaba ya mitende kwa ajili ya makanisa ya Uingereza kwa miaka mingi. Basi Wazungu wanafundisha watoto wao Injili kwa kazi ya mikono yetu, na sisi twaogopa kuishika! Mtoto anapofinyanga, msomeeni Luka 2 polepole. Atauliza mwenyewe kwa nini hapakuwa na nafasi, nanyi mtajibu mkiwa na udongo mikononi.

Kuhusu yule msichana, familia yake ilihama mji mwezi wa Januari kwa sababu ya kazi ya baba. Tulifika nyumbani kwao tukiwa na maneno yetu ya kuomba radhi, tukakuta mlango una kufuli. Jirani alitwambia kwamba nyanya alirudi mashambani. Hatukupata njia ya kuwafikia.

Siku ile alipokuwa akifunga leso yake kwa haraka, ng'ombe alianguka chini ya benchi, nasi tulimpata tulipofagia. Pembe moja imevunjika. Yumo katika kabati la Shule ya Jumapili, pamoja na chaki na vitabu vya mahudhurio, na kila Desemba watoto humtoa wakamweka kando ya hori wanayoitengeneza mwaka huo. Wengine wamejaribu kumfinyangia pembe mpya, lakini udongo mpya haushiki kwenye udongo mkavu.